Miche ya Mkonge: Kuikuza Kitaluni na Kuipanda Shambani

Mkonge ni mmea wa subira. Mkulima anayepanda mahindi wakati wa masika huona makosa yake kabla ya mwaka kwisha, na msimu unaofuata huyasahihisha. Lakini anayepanda mkonge hungoja karibu miaka 3 kabla ya kukata jani la kwanza. Baada ya hapo hukata shamba lile lile mpaka mimea itoe milingoti na kufa, na huenda ikawa imepita miaka 8, 10 au zaidi tangu siku ya kupanda. Mche mbaya uliotiwa ardhini leo utakaa mahali pale pale muda wote huo. Utakula mbolea, utapaliliwa, utachukua nafasi, wala hautalipa sawasawa.

Kwa sababu hiyo faida ya shamba la mkonge huanzia kitaluni. Udongo uwahi ungali maji, walisema wazee. Na mche vivyo hivyo hutengenezwa ungali mdogo. Kijitabu hiki ni kwa wakulima wa Tanga, Muheza, Mkinga, Pangani na Korogwe wanaotaka kuotesha miche yao wenyewe. Kinaeleza kazi yote tangu kuchuma vikonyo mpaka mche ushike shambani.

1. MKONGE ULIVYOFIKA PWANI YETU

Asili ya mkonge ni Meksiko. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vilisafirishwa kwa meli kupitia Hamburg, bila udongo na bila kupandwa. Vingi vilikufa njiani. Vilivyobaki hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, vilikuwa 62 tu. Kutokana na vichache hivyo mashamba yalienea mpaka Tanga, Muheza, Korogwe na sehemu nyingine za nchi, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani kwa mwaka.

Habari hii ina mafunzo mawili kwa mkulima. Kwanza, mche wa mkonge ni mgumu: uliweza kuvuka bahari mizizi ikiwa mitupu, na ukaota. Pili, ugumu huo una mpaka wake. Kati ya kila vikonyo 100 vilivyoagizwa, kiasi cha 94 vilipotea. Asiyeitunza miche yake kwa kuamini kwamba "mkonge haufi" hujidanganya.

2. KWA NINI MCHE HUHAMISHWA MIZIZI MITUPU

Mkulima aliyezoea mikorosho hujua kwamba mzizi mkuu wa mche ukikatika, mche huo hauna maisha marefu. Kwa hiyo mche wa mkorosho huhamishwa pamoja na udongo wake. Mkonge sivyo. Chini ya majani yake kuna shina fupi nene, linalofanana kidogo na nanasi. Hapa tutaliita kitako. Akiba ya maji na chakula cha mche imo katika kitako hicho na katika majani yake manene. Mizizi ikikatwa, mche huishi kwa akiba hiyo, na baadaye kitako hutoa mizizi mipya.

Katika nchi za baridi, kama Uingereza, kuna vichaka vya bustani ambavyo navyo huuzwa mizizi mitupu. Lakini hivyo hung'olewa wakati wa baridi tu, vikiwa vimepukutisha majani na kulala. Mkonge haulali, wala haupukutishi majani. Unachohitaji ni kitako kizima, kisicho na jeraha wala uozo. Basi katika kazi yote itakayoelezwa hapa, kumbuka neno hili: mizizi yaweza kukatwa, lakini kitako kilindwe.

3. KUCHAGUA VIKONYO

Mkonge hauzalishwi kwa mbegu za kawaida. Miche hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni maotea, yaani machipukizi yanayotoka ardhini kando ya mmea mkubwa. Ya pili ni vikonyo, yaani vimche vidogo vinavyoota juu ya mlingoti baada ya maua kuanguka. Mlingoti mmoja waweza kutoa vikonyo zaidi ya 1,000.

Maotea yanaweza kupandwa, lakini hayalingani kwa ukubwa wala kwa umri, na mengine huwa yametoka katika mimea iliyozeeka au yenye ugonjwa. Vikonyo ni bora, kwa kuwa hupatikana vingi kwa wakati mmoja na hukua pamoja. Siku hizi ipo pia miche inayozalishwa katika maabara. Bwana Shamba au Bibi Shamba ataweza kukueleza mahali inapopatikana.

Kikonyo hufanana na mama yake kwa kila jambo. Kwa hiyo mchunguze mama kwanza:

(a) Chagua mimea yenye majani marefu, mapana na mengi. Mmea uliotoa mlingoti mapema mno, ukiwa umekatwa majani machache, usichume vikonyo vyake.

(b) Usichukue vikonyo katika shamba lenye ugonjwa wa madoa ya Korogwe. Ugonjwa huu huonekana kama madoa yaliyotapakaa juu ya jani, nao huharibu katani. Huenezwa pamoja na miche, na mkulima hujikuta ameupanda kwa mkono wake mwenyewe.

(c) Tikisa mlingoti, uchukue vikonyo vilivyokomaa ambavyo huanguka kwa urahisi. Vyenye urefu wa sentimita 6 hadi 10 ndivyo vizuri. Vilivyo vidogo zaidi, vilivyosinyaa au vilivyooza, viache.

Kuna mbegu mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni mkonge wa kawaida, ambao hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake. Ya pili ni chotara 11648, iliyotokana na kazi ya kuchanganya mbegu iliyoanzia Amani, katika milima ya Usambara, na kuendelezwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza. Chotara huyu aweza kutoa majani 600 kabla ya kufa. Lakini hushikwa upesi na ugonjwa wa milia, unaoozesha majani na kitako, hasa mahali maji yanapotuama. Mwenye shamba bondeni alifikirie jambo hili kabla ya kuchagua.

Usichanganye mbegu hizi mbili katika shamba moja. Hazikui kwa mwendo mmoja, na kukata kwake kutakusumbua daima.

4. KUTENGENEZA KITALU

Watu wengine hupanda vikonyo popote penye nafasi, penye udongo uliochoka, wakidhani kwamba mmea unaostahimili ukame hauhitaji ardhi nzuri. Hilo ni kosa. Kitalu ndicho kipewe ardhi bora kuliko yote uliyo nayo. Tafuta mahali palipo wazi, pasipo na kivuli cha minazi wala miembe, penye udongo mwepesi na usiotuamisha maji. Kivuli hufanya miche kuwa mirefu na dhaifu.

Lima kwa kina, ung'oe magugu yote pamoja na mizizi yake, hasa sangare na ndago. Kisha changanya samadi iliyooza vizuri. Mkulima aliye karibu na korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, atumie mabaki ya majani yaliyokwisha kuoza. Ni mbolea nzuri, kwa maana hurudisha ardhini chokaa na chumvichumvi nyingine ambazo mkonge huzitoa kwa wingi. Mabaki mabichi yasitumiwe. Yaache yaoze kwanza.

Panda vikonyo katika mistari. Acha sentimita 50 kati ya mstari na mstari, na sentimita 25 kati ya kikonyo na kikonyo. Kitako tu ndicho kifukiwe. Moyo wa kikonyo, pale yanapotokea majani mapya, ubaki juu ya udongo. Ukipanda mwanzo wa mvua za masika au za vuli hutahitaji kumwagilia sana.

Ekari moja ya shamba huhitaji miche 2,000 hivi. Lakini usioteshe 2,000 tu, maana mingine itakufa na mingine itakataliwa wakati wa kuchagua. Otesha 2,500. Kitalu chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 16 kitatosha.

5. KUTUNZA KITALU

Miche hukaa kitaluni miezi 12 hadi 18. Kazi kubwa ya muda huo ni palizi. Kikonyo ni kifupi, na nyasi za pwani hukua upesi mvua inyeshapo. Zikikifunika kwa mwezi mmoja, kitadumaa. Palilia kila magugu yanapochomoza, usingoje yatoe mbegu. Tumia jembe dogo, wala usikate kitako cha mche.

Pita kitaluni mara kwa mara. Mche wenye madoa mabaya, uliooza moyo au uliodumaa wakati wenzake wanakua, ung'oe uuchome moto. Usiuhurumie. Palizi 20 hazitaugeuza kuwa mche mzuri.

Kitalu kimoja kisitumiwe tena na tena bila kuongezwa mbolea. Miche mizuri huondoka na chakula kingi cha udongo.

6. KUNG'OA, KUKATA MIZIZI NA KUPANGA

Mche uko tayari ukiwa na urefu wa sentimita 30 hadi 50, na kitako kinene. Usiuache kitaluni mpaka uwe mkubwa kupita kiasi, kwa kuwa miche itasongana na kupandwa kwake kutakuwa kugumu.

Fanya kazi kwa utaratibu huu:

(a) Chimbua mche kwa jembe au uma, kisha uinue. Usiuvute kwa majani peke yake.

(b) Kung'uta udongo wote. Ondoa majani ya chini yaliyokauka.

(c) Kata mizizi karibu na kitako, lakini usikiguse kitako chenyewe. Ukiacha mizizi mirefu hujikunja ndani ya shimo na kuoza. Ukikata kitako, umefungulia mlango kuvu wanaokiozesha. Tumia kisu kikali na safi.

(d) Angalia kitako. Kikiwa na tundu la mdudu, rangi nyekundu au nyeusi ndani ya jeraha, au harufu ya uozo, tupa mche huo.

(e) Panga miche katika mafungu matatu: mikubwa, ya kati na midogo. Midogo sana irudishe kitaluni au uitupe.

Mtu asidharau jambo hili la mwisho. Mche mdogo uliopandwa kati ya mikubwa miwili hutiwa kivuli na kunyang'anywa chakula. Siku ya kukata, jirani zake wako tayari nao bado. Mkataji akiukata, anaumaliza. Akiuacha, utangojewa mwaka mzima. Lakini miche midogo ikipandwa pamoja katika mistari yake yenyewe, itakua pamoja na kukatwa pamoja, hata kama itachelewa kidogo.

Mche uliong'olewa waweza kukaa siku kadhaa bila kufa, na majeraha ya mizizi hukauka. Uweke kivulini, juu ya ardhi kavu. Usirundike miche chungu kubwa, maana iliyo katikati hupata joto na kuoza. Kumbuka pia kwamba ncha ya jani ni mwiba mkali na utomvu huwasha ngozi. Vaa glavu au tumia gunia, na watoto wasiwe karibu.

7. KUPANDA SHAMBANI

Shamba liwe limesafishwa. Kama palikuwa na mkonge wa zamani, vitako vilivyokufa ving'olewe na kuondolewa, kwa sababu ndimo fukusi wa mkonge wanamozaliana.

Panda katika mistari miwili miwili. Kati ya mistari miwili ya jozi moja acha mita 1. Kati ya jozi na jozi acha mita 4, iwe njia ya kupitia, kupalilia na kutolea majani. Katika mstari, mche na mche viachane sentimita 80. Kwa kipimo hiki utapata miche 5,000 kwa hekta, yaani kama 2,000 kwa ekari. Chukua kamba ndefu, uifunge kitambaa kila baada ya sentimita 80, na uivute iwe imenyooka. Mwenye shamba la mteremko apange mistari kukingama mteremko, ili mvua isichukue udongo.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, au majuma machache kabla yake. Usipande katika tope, kwa maana kitako kikikaa ndani ya maji kabla ya kutoa mizizi kitaoza.

Chimba shimo dogo la kutosha kitako. Simamisha mche wima, urudishe udongo, ukanyage kwa mguu uwe imara. Kisha shika jani moja uvute kidogo: mche ukiyumba, kanyaga tena. Udongo usiingie katika moyo. Mche uliozikwa mno huoza, na uliowekwa juu juu huangushwa na upepo wa kusi.

8. MWAKA WA KWANZA

Baada ya majuma machache kagua kila mstari. Mahali mche ulipokufa, ziba pengo mara moja kwa mche wa fungu lile lile. Pengo likizibwa baada ya mwaka mmoja, mche mpya utazidiwa na jirani zake.

Adui mkubwa wa miche michanga ni fukusi wa mkonge. Ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu. Hutaga mayai, na funza wake weupe hutoboa kitako mpaka mche ukaanguka. Ukiona mche umenyauka wakati wenzake ni wazima, ung'oe upasue kitako. Ukikuta funza, uchome. Zamani mashamba mengi yalitiwa dawa za aldrin na dieldrin. Dawa hizo hudumu ardhini miaka mingi na kudhuru watu na wanyama, nazo zilipigwa marufuku kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Ukiletewa dawa ya namna hiyo, ikatae, umwulize Bwana Shamba dawa inayoruhusiwa.

Njia za mita 4 zaweza kulimwa kunde, choroko, maharage au mahindi katika mwaka wa kwanza na wa pili. Hivyo mkulima hupata chakula wakati anapongoja mkonge, na palizi moja hutumika kwa mazao yote mawili. Lakini mahindi yawe umbali wa mita 1 kutoka kwenye mkonge. Muhogo na mbaazi hutia kivuli kirefu. Ni afadhali vipandwe mahali pengine.

9. HESABU YA MCHE MBAYA

Huenda mkulima akasema: "Kazi hii ya kuchagua ni ndefu. Miche 200 mibaya katika ekari yenye 2,000 si kitu." Tuhesabu pamoja. Mkonge wa kawaida ulio mzima hutoa majani 200 kwa uchache. Miche 200 iliyokufa au kudumaa ni majani 40,000 yaliyopotea katika maisha ya shamba. Ukiyafunga matita ya majani 30, ni matita zaidi ya 1,300. Na palizi ya mahali hapo umeifanya vile vile, kwa kuwa nyasi hazijui kama mkonge upo au haupo.

Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wakulima wadogo wamegawiwa maeneo katika mashamba ya zamani ya Korogwe, kama Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi. Mkonge sasa si kazi ya mashamba makubwa peke yake. Lakini shamba kubwa likipoteza ekari kumi kwa miche mibaya, zinabaki mamia. Mwenye ekari tatu hana za kupoteza. Ada ya shule na bati la nyumba vyote vinangoja kisu cha kwanza.

10. MAMBO YA KUKUMBUKA

Chuma vikonyo katika mimea mizima, yenye majani mengi.

Kitalu kipate ardhi bora, jua na palizi.

Kata mizizi, linda kitako.

Panga miche kwa ukubwa, upande kila fungu mahali pake.

Kanyaga udongo, lakini usifukie moyo.

Ziba mapengo mapema.

Ukiona ugonjwa usioujua, usingoje. Chukua jani au mche mmoja, uufunge katika mfuko, umpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako. Habari za mbegu na miche zapatikana pia katika kituo cha utafiti cha Mlingano na katika Bodi ya Mkonge Tanzania, mjini Tanga. Uliza kabla ya kupanda. Ukisha kupanda, jibu litakuwa la miaka kumi.